Mshika Mbili: Mwalimu Asomaye Shahada Huku Akifundisha

Iko methali ambayo husikika katika ofisi za walimu kila mara mwenzetu mmoja atangazapo kwamba amejiandikisha kusoma shahada kwa njia ya masafa, hali akiendelea na kazi yake. Wenzake humpongeza, kisha mmoja hukohoa na kusema: "Mshika mbili moja humponyoka." Wote hucheka, naye mwenye kutangaza hucheka pamoja nao, lakini maneno hayo hubaki moyoni mwake kwa miaka yote ya masomo. Katika makala haya tunakusudia kuitazama methali hiyo kwa makini, kwa sababu tunaamini kwamba inasema kweli, ila wengi wetu tumeielewa isivyo.

Sisi tunaoandika ni wakufunzi wa chuo cha ualimu. Baadhi yetu tulipata shahada zetu kwa njia hii hii, tukifundisha mchana na kusoma usiku. Sote huwasimamia wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, na kwa sababu hiyo huingia madarasani mwa shule nyingi. Siku moja, katika usimamizi huo, tulikosea mlango tukaingia darasa la sita ambalo halikuwa la mwanachuo wetu. Wanafunzi walikuwa kimya, wakinakili kutoka ubaoni maelezo marefu juu ya mmeng'enyo wa chakula. Ubao ulikuwa umejaa toka juu hata chini. Mwalimu wao alikuwa ameketi nyuma ya darasa, ameinamia karatasi, akiandika kwa haraka. Hakuwa akisahihisha madaftari. Alikuwa akimalizia zoezi lake la chuo kikuu, ambalo siku ya mwisho ya kulipeleka ilikuwa siku hiyo hiyo. Alipotuona alisimama kwa aibu. Hatukumlaumu, wala hatukuwa na uso wa kumlaumu, maana mmoja wetu alikwisha kufanya jambo lilo hilo miaka iliyopita, tena zaidi ya mara moja.

Tulipokuwa tukirudi chuoni tuliulizana swali moja: je, saa ile ililipwa na nani? Ada ya chuo aliilipa mwalimu mwenyewe kutoka katika mshahara wake. Lakini ile saa aliyoandikia zoezi lake ililipwa na watoto wa darasa la sita, ambao hawakuulizwa, wala hawakujua kwamba wanalipa. Ni maoni yetu kwamba shahada ya mwalimu isilipwe na mtoto. Ni maoni yetu vilevile kwamba njia ya kuzuia jambo hilo si kumkataza mwalimu asisome, bali ni kuyapanga upya masomo yenyewe, ili yale mawili anayoyashika yafungwe pamoja yawe mzigo mmoja.

Tulikotoka

Kusoma kwa mbali si jambo geni duniani. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwaruhusu watu wasiohudhuria madarasa yake kufanya mitihani ya shahada. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kiligeuka kuwa chuo cha kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1971. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya ualimu kwa njia ya masafa mwaka 1986, na Makerere kikafuata mwaka 1991 kwa shahada za ualimu na biashara. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994.

Lakini kwetu sisi walimu iko historia iliyo karibu zaidi, nayo yafaa ikumbukwe. Mnamo Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka elimu ya msingi kwa watoto wote ipatikane ifikapo mwaka 1977, badala ya mwaka 1989 uliokuwa umekusudiwa hapo awali. Walimu wa kutosha hawakuwako, wala vyuo vilivyokuwapo havikuweza kuwatoa kwa muda huo mfupi. Hivyo, tangu mwaka 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, walimu wapatao 45,000 waliandaliwa wakiwa kazini. Wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha, na papo hapo wakasoma kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa kukutana na wakufunzi vituoni. Mwishoni waliitwa chuoni kwa majuma machache.

Mpango huo ulilaumiwa sana, na lawama nyingine zilikuwa za haki. Vijana wengi walipewa madarasa kabla hawajakomaa, na vitabu na taa za kusomea usiku vilikuwa haba. Hata hivyo, ulikuwa na jambo moja ambalo shahada nyingi za leo hazina. Kijana aliyefundishwa alasiri namna ya kuanzisha somo la kusoma alikwenda kulifundisha somo hilo kesho yake asubuhi. Kama njia ile haikufaa, watoto walimwonyesha kwa macho yao kabla ya kengele ya mapumziko. Alilojifunza na alilolitenda havikuachana kwa zaidi ya usiku mmoja.

Azimio lilo hilo la Musoma lilikuwa na fungu jingine ambalo leo halizungumzwi sana. Lilitaka vijana waliomaliza kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza wafanye kazi. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye kwa sababu mbalimbali, nasi hatuombi urudishwe. Twataka tu msomaji aone jinsi fikira zilivyogeuka. Wakati ule kazi ilikuwa sharti la kuingia chuo kikuu, ikiaminiwa kwamba mtu aliyefanya kazi huja darasani na maswali ya kweli. Leo mtu anayefanya kazi huhesabiwa kuwa mwanafunzi mwenye kasoro, ambaye kazi yake ni kizuizi cha masomo yake.

Hesabu ya saa

Kabla ya kupendekeza lolote, hatuna budi kufanya hesabu, kwa maana mijadala mingi juu ya jambo hili hufanywa kwa maneno matupu. Chukua mwalimu mwenye vipindi 24 kwa juma, kila kipindi dakika 40. Huyo husimama mbele ya darasa kwa saa 16. Tuseme ana mikondo mitatu yenye wanafunzi 60 kila mmoja. Akitoa zoezi moja tu kwa kila mkondo, atakuwa na madaftari 180 mezani. Na akitumia dakika 2 kwa kila daftari, muda ambao ni mdogo mno, atahitaji saa 6. Bado hajaandika maandalio ya masomo, hajashika zamu, hajahudhuria kikao, hajaonana na mzazi wala kusimamia michezo.

Sasa tuhesabu shahada. Vyuo vikuu vyetu hupima uzito wa masomo kwa krediti, na krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza. Shahada ya krediti 360 ni saa 3,600. Mwalimu akizigawa kwa miaka 6, atakuwa na saa 600 kwa mwaka. Na akipumzika majuma mawili tu katika mwaka mzima, hizo ni saa 12 kwa juma. Akitaka kumaliza kwa miaka 3, ni saa 24 kwa juma, yaani zaidi ya zile anazosimama darasani.

Saa hizo 12 hazishuki kutoka mbinguni. Hutolewa mahali patatu: katika usingizi wa mwalimu, katika nyumba yake, au katika darasa lake. Usingizi una mpaka, nao mwili hudai deni lake. Nyumba nayo ina mpaka, hasa kwa mwalimu mwanamke, ambaye akirudi kutoka shuleni hupokewa na jiko, maji, na watoto wanaotaka kusaidiwa masomo yao; wengi wa hao hufungua kitabu saa nne za usiku, nyumba nzima ikiwa imelala. Mahali pa tatu, yaani darasa, hapana mlinzi. Mtoto wa darasa la sita hawezi kumwambia mwalimu wake, "Saa hii ni yangu." Kwa hiyo maji hufuata mkondo, na saa huchotwa pale pasipo na mwenye kusema.

Twasema wazi kwamba kumhubiria mwalimu juu ya uaminifu, bila ya kubadili hesabu hii, hakutasaidia. Mwalimu tuliyemkuta darasani hakuwa mvivu. Mtu mvivu hajiandikishi kusoma shahada kwa miaka sita kwa fedha zake mwenyewe.

Kazi iwe kitabu cha kwanza

Ikiwa saa haziwezi kuongezwa, basi yafaa saa moja itumike mara mbili. Hapa ndipo penye kiini cha maoni yetu. Maswali mengi yanayotolewa kwa wanafunzi wa masafa ni yale yale yaliyotungwa kwa vijana wanaokaa mabwenini, ambao hawana darasa la kufundisha. Mwalimu mwenye wanafunzi 180 huulizwa: "Eleza aina za upimaji na faida zake." Naye huacha upimaji wake wa kweli mezani, akaenda kunakili juu ya upimaji kutoka katika kitabu. Hali hii yatukumbusha mvuvi aliyeacha mtumbwi na nyavu ufukweni, akapanda mlimani kwenda kusomeshwa habari za samaki.

Tuonyeshe kwa mfano jinsi jambo hili liwezavyo kufanywa vingine. Somo liwe ni hilo hilo la upimaji, na mwalimu awe anafundisha hisabati darasa la sita. Zoezi lake la chuo kikuu liwe hivi: "Chukua jaribio ulilowapa wanafunzi wako mwezi huu. Chagua swali moja ambalo wengi walikosa. Lichambue, ueleze kosa ni la mwanafunzi, la swali, au la mafundisho, kisha ufundishe tena na uripoti matokeo."

Tuseme swali lenyewe liliwataka wanafunzi wajumlishe robo tatu na nusu. Katika wanafunzi 45, waliopata ni 14. Mwalimu anagawa 14 kwa 45, anapata kama 0.31; huo ndio wepesi wa swali, nao waonyesha kwamba swali lilikuwa gumu kwa darasa hilo. Halafu anazipanga karatasi kwa kufuata alama za jaribio zima, anatwaa 12 za juu na 12 za chini. Katika zile za juu, 7 wamepata swali hilo. Katika zile za chini, 2. Tofauti ni 5, na 5 ukigawa kwa 12 ni kama 0.42. Hapo anatambua kwamba swali halina hila: limewatenganisha vizuri wanaojua na wasiojua. Kosa basi halimo katika swali.

Hatua inayofuata ndiyo yenye manufaa makubwa. Mwalimu anayasoma majibu ya waliokosa, naye anakuta kwamba wengi wao wameandika nne ya sita. Wamejumlisha 3 na 1 wakaweka juu, wakajumlisha 4 na 2 wakaweka chini. Si uzembe, ni kanuni waliyojitungia wenyewe, nao wameifuata kwa uaminifu. Tena nne ya sita ni ndogo kuliko robo tatu, maana yake wamejumlisha wakapata pungufu ya kile walichoanza nacho, na hapana aliyeshtuka. Mwalimu akiliona hilo, anajua la kufanya kesho: anakwenda na chapati, au na karatasi za kukunja, awaache wakate robo tatu na nusu, waziweke pamoja, wauone kwa macho kwamba zimepita moja nzima. Baada ya juma moja anatoa swali jingine la namna hiyo, anahesabu tena.

Mwalimu huyo amesahihisha jaribio la wanafunzi wake, ameandaa somo la marudio, na amefanya zoezi la chuo kikuu. Ametumia saa zile zile. Zaidi ya hayo, amejifunza upimaji kwa namna ambayo hataisahau, na watoto wake wamefaidika na shahada yake kabla hata hajavaa joho. Hivyo ndivyo tunavyokusudia tusemapo kwamba mizigo miwili ifungwe pamoja.

Wala jambo hili si la hisabati peke yake. Somo la saikolojia ya mtoto laweza kumtaka mwalimu amwangalie mwanafunzi mmoja asiyesema darasani kwa majuma manne na kuandika anayoyaona. Somo la isimu laweza kumtaka akusanye makosa ya insha za kidato cha pili na kuyapanga kwa aina zake, aone yepi yanatoka katika lugha ya nyumbani. Somo la historia laweza kumtuma kwa wazee wa kijiji, arudi na habari ambazo wanafunzi wake watazilinganisha na kitabu.

Kuna faida nyingine ambayo nyakati zetu zimeileta. Inajulikana kwamba wako watu wanaowaandikia wengine mazoezi kwa malipo, na sasa mashine za akili unde huandika insha juu ya aina za upimaji kwa muda wa kupepesa macho. Chuo kinachouliza maswali ya jumla hakiwezi kujua kinamtahini nani. Lakini zoezi linalotaka karatasi 45 za darasa fulani, na makosa ya watoto hao hasa, ni vigumu zaidi kuandikwa na mgeni. Na mtahini akiwa na shaka, aweza kumwuliza mwalimu maswali matatu juu ya darasa lake akapata kweli.

Pingamizi

Wenzetu wametupinga kwa hoja mbili, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba shahada si mafunzo ya ufundi. Mwalimu hana budi kusoma nadharia, na mambo mengine hayapatikani katika darasa la sita. Twakubali. Hatusemi kwamba vitabu vifungwe. Mwalimu wa mfano wetu asingaliweza kupata ile 0.42 bila ya kusoma nadharia ya upimaji kwanza, wala asingalijua maana yake. Tunalosema ni kwamba nadharia ikipewa kazi ya kufanya hushikika upesi, na isiyopewa kazi huondoka mara baada ya mtihani. Tunakadiria kwamba nusu ya mazoezi ya kila somo yaweza kutoka kazini, na nusu nyingine ikabaki kuwa ya vitabu.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: kwamba walimu wengi husoma ili wapandishwe cheo na mshahara, si kwa kupenda elimu. Hili nalo si la kuonea haya. Mtu anayetaka kulisha watoto wake vizuri zaidi hajatenda dhambi. Lakini kwa kuwa twajua hivyo, yatupasa tupange masomo kwa namna ambayo hata yule aliyekuja kwa ajili ya mshahara hawezi kumaliza bila ya kuwa mwalimu bora. Nia ya mtu hatuiwezi. Utaratibu wa masomo tunauweza.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoeleza, tunatoa mapendekezo manne.

Kwanza, vyuo vinavyofundisha kwa masafa vitunge mazoezi yanayotoka kazini, na virudishe mazoezi hayo mapema. Mmoja wetu alipata kurudishiwa zoezi lake, lenye maelezo mazuri ya mkufunzi, miezi miwili baada ya kufanya mtihani wa somo hilo. Maelezo yale yalikuwa dawa iliyomfikia mgonjwa baada ya mazishi. Mwanafunzi wa bwenini akikosa hupata kumwuliza mwenzake chakulani. Mwanafunzi wa masafa hana mwingine ila yale maandishi ya pambizoni. Kadhalika, mitihani na vikao vya ana kwa ana viwekwe katika likizo za shule za Juni na Desemba. Kumwita mwalimu wa darasa la saba mjini siku chache kabla ya watoto wake kufanya mtihani wa taifa wa mwezi Septemba ni kumlazimisha achague nani amsaliti.

Pili, mwalimu mkuu na mwalimu anayesoma wawe na mapatano ya wazi. Mara nyingi mwalimu huficha kwamba anasoma, akiogopa kuambiwa kuwa hana moyo wa kazi; naye mwalimu mkuu akishajua, huona kama ameibiwa. Ni heri mambo yawekwe mezani. Ratiba ipangwe ili mwalimu huyo apate vipindi vyake vitupu vikiwa vimefuatana, angalau mara mbili kwa juma, badala ya kutapanywa. Naye kwa upande wake aahidi kwamba hatafungua kitabu chake ndani ya kipindi cha watoto, na kwamba mara moja kwa mwezi atawafundisha wenzake jambo moja alilojifunza. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini huwataka walimu wakutane shuleni na kujifunza pamoja. Mikutano hiyo ndiyo mahali pake. Hivyo shule nzima itakuwa inasoma kwa ada ya mtu mmoja.

Tatu, walimu wanaosoma wasisome peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walimu wanne au watano wa kata moja, hata kama masomo yao yanatofautiana kidogo, waweza kukutana katika kituo cha walimu kila Jumamosi kwa saa mbili. Simu za mkononi zimerahisisha kupelekeana maandishi, nasi hatuzidharau. Lakini tumeona kwamba mtu huacha masomo siku anapodhani kwamba ni yeye peke yake asiyeelewa. Akikaa na wenzake akakuta nao hawakuelewa ukurasa ule ule, huupata moyo wake tena.

Nne, na hili latuhusu sisi wenyewe wa vyuo vya ualimu. Wanachuo wetu wengi wanaotoka hapa na cheti au stashahada watakuja kusoma shahada kwa njia ya masafa. Je, tunawaandaa? Ni lazima tukiri kwamba tunawafundisha kana kwamba mkufunzi atakuwako daima. Tunawapa maelezo wanakili, tunawapa mtihani wanayarudisha. Mwanachuo aliyefundishwa hivyo kwa miaka miwili, akipewa kitabu na kuachwa peke yake kijijini, hukaa nacho kama mtu aliyepewa jembe bila mpini. Tunapendekeza kwamba katika kila somo la chuo pawepo mada moja kwa muhula ambayo mkufunzi haifundishi. Wanachuo wapewe kitabu, maswali ya kuwaongoza na tarehe ya mwisho, wasome wenyewe, watoe muhtasari kwa maneno yao, kisha mkufunzi awape maelezo juu ya namna walivyosoma na si juu ya majibu tu. Wafundishwe pia kufanya hesabu ya saa kama tuliyoifanya hapo juu, ili watakapojiandikisha wajue wanachokishika, na wajue vilevile kwamba kuahirisha somo moja mwaka ule mtoto alipougua si kushindwa.

Hitimisho

Tulianza na methali, na yafaa tuirudie. Mshika mbili moja humponyoka: ni kweli, na kwa miaka mingi kilichoponyoka ni kile kisicho na sauti. Shahada haikuponyoka, maana ina tarehe, ada na mtahini. Kilichoponyoka ni kipindi cha darasa la sita, ambacho hakina mtu wa kukidai.

Mwalimu yule tuliyemkuta amekwisha kupata shahada yake, na twasikia anafundisha vizuri. Tunafurahi kwa ajili yake. Lakini wale watoto walionakili habari za mmeng'enyo wa chakula walikwisha kutoka katika shule ile, na kipindi kile hawatarudishiwa. Ndugu msomaji, kama wewe ni mkufunzi, mwalimu mkuu, au mwalimu ambaye usiku huu utaiwasha taa baada ya wengine kulala, tunakuomba uitazame kesho yako na kutafuta zoezi moja, moja tu, ambalo darasa lako na masomo yako vinaweza kulifanya pamoja. Ukilipata, tuandikie, ili nasi tuwape wanachuo wetu.